Mama Aliyeanguka Kabla ya Kupanda Baiskeli

Pale Utemini, kwenye kibaraza cha duka la ushirika lililofungwa, kuna benchi refu la mninga ambalo wenyewe wameliita Ridandasi, kwa sababu wengi wa wanaolikalia walipunguzwa kazini miaka hii hii ya ruksa, mashirika yalipoanza kufa mojamoja. Duka limeshapakwa rangi nyekundu ya soda na mlango una kufuli ya mtu binafsi, ila kibaraza bado hakijapata mnunuzi. Hussein Birika anatega jiko lake la mkaa hapo tangu saa moja asubuhi, kahawa chungu inachemka, kashata ziko kwenye sinia. Usidhani ni kijiwe cha wavivu, hata kidogo. Watu wale wanachoka kweli kweli, maana kila jambo linalotokea duniani lazima walitolee maoni, na maoni yenyewe lazima yapingwe. Ikifika adhuhuri sauti zimewakauka.

Jumanne moja ya Julai, upepo wa Singida ukiwa umeanza fujo zake za kupeperusha kofia za watu, Gaspari alifika na bahasha ya kaki badala ya gazeti. Gaspari ndiye Mhariri wa kijiwe. Alikuwa karani wa kampuni moja ya usafirishaji kwa miaka kumi na tisa, mpaka ilipovunjwa. Tangu hapo, mwaka na nusu sasa, anaondoka kwake saa mbili kamili asubuhi, shati limenyooshwa, anakuja kuwasomea wenzake gazeti la jana linaloletwa na basi. Anasoma na kalamu nyekundu mkononi. Akikuta kosa analisahihisha, utadhani mwenye gazeti atapita kesho kulichukua.

Siku hiyo hakuwa na raha. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na barua kutoka Dar es Salaam, kwa wachapishaji wa vitabu vya vijana, na barua ilimhusu binti yake Dina. Dina amemaliza kidato cha nne, amekaa nyumbani, na kumbe katika kukaa kwake anachora. Kachora kitabu kizima cha katuni, kakituma kwa posta baba hana habari, na hao wa Dar wamekichapa! Sasa wanamwita akakae miezi mitatu ajifunze zaidi, achore na vingine. Chini ya barua kuna mstari wa nukta: sahihi ya mzazi. Basi linaondoka kesho alfajiri. Gaspari alikataa palepale, akasema katuni si kazi, mtoto aende akasomee ualimu. Mkewe Maria, mwanamke asiye na maneno mengi, akamwambia, "Kisome kwanza, ndipo umkatalie."

Akakisoma. Akakirudia. Na kwa kweli kilimuumiza, kwa sababu Dina ndiye mtoto aliyekuwa akimsifia akili mbele za watu, na kitabu chake hakikuwa na kichwa wala miguu. Mambo yanatokea kabla ya sababu zake. Gaspari aliona aibu. Ndiyo maana kakivika jalada la gazeti, kama daftari la shule, jina la mwandishi lisionekane, kakichanganya na vitabu viwili vilivyokuja pamoja na barua, kaja navyo kijiweni. Wenzake nao wakishindwa kukielewa, jioni atarudi nyumbani na hapana yake bila wasiwasi wowote.

— Shikamoo Maalim, alisema, akikaa.

— Marahaba, bwana Mhariri. Gazeti leo halikuja?

Huyo ni Maalim Abdulhamidi, mzee wa miaka sabini hivi. Babu zake walitoka pwani na mizigo ya nguo, wakaoa huku kwa Wanyaturu, wakasahau kurudi. Yeye mwenyewe ameuza vitambaa sokoni maisha yake yote na kufundisha watoto Kurani chuoni jioni.

— Limekuja, ila leo tunasoma vitabu, Gaspari akajibu. — Vitabu vipya vya vijana. Nataka maoni yenu, na msinionee haya.

— Sisi tukuonee haya wewe? aliuliza Joshua. — Tangu lini?

Joshua wanamwita Sekenke. Alikaa miaka kumi na mitano kule Sekenke, kwenye machimbo ya zamani, akitafuta dhahabu kwa sururu na karai, na alichorudi nacho ni kikohozi na uhakika kwamba alikuwa amebakiza futi mbili tu.

Gaspari akatoa kitabu cha kwanza.

— Hiki cha watoto wadogo. Twiga anakwenda mnadani kutafuta shati la mtumba litakalomtosha shingo. Anazunguka marobota yote, hapati. Mwishoni fundi cherehani anamuunganishia mashati sita.

— Kola ngapi? Hussein akauliza, birika liko hewani.

— Sita. Moja juu ya nyingine. Picha hii hapa.

Kitabu kikazunguka. Kila mmoja alihesabu kola kwa kidole, wakakuta ni sita kweli, wakaridhika.

— Mimi nimekipenda, alisema Joshua. — Ila huyu twiga ana kosa. Amechelewa kufika. Robota likishafunguliwa, vizuri vyote wanachukua fisi.

— Fisi hawamo kitabuni, Joshua.

— Wamo. Hawajachorwa tu.

Maalim alikuwa akitikisa kichwa muda mrefu.

— Mungu kamvika twiga ngozi nzuri yenye madoa, bado anataka shati la marehemu wa Ulaya. Hiki kitabu si cha watoto, hiki kinatusema sisi.

Na yeye mwenyewe kavaa koti la mtumba lenye vifungo vya dhahabu vya jeshi la maji la nchi asiyoijua. Hussein alivitazama vifungo vile, akakohoa kidogo.

— Haya, cha pili, Gaspari akasema haraka. — Inspekta Kufuli. Kila ukurasa picha moja kubwa, maneno chini. Anawakamata wauza magendo bandarini. Anavaa miwani ya jua hata gizani.

— Hicho nakijua! Hussein akaruka. — Kwangu watoto wamekimaliza. Siku hizi ukiwatuma maji wanajibu PUU! TWAA! Mlango wenyewe hawaufungui, wanaupiga teke.

— Kinakufaa?

— Kinanifaa sana. Tatizo ni mlango.

Maalim alikipekua chote, akakirudisha.

— Huyu inspekta anakula saa ngapi?

— Wapi?

— Humu. Kurasa sitini, sijamwona akila. Hata chai hakunywa. Mtu huyo ana hasira ya njaa, na nyinyi mnasema ni shujaa.

— Kule machimboni Sekenke asingemaliza wiki, Joshua akaongeza. — Na miwani ile shimoni? Angeupiga ukuta busu.

Wakacheka. Gaspari naye akacheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshaingia kwenye bahasha. Alikitoa cha tatu, chenye jalada la gazeti.

— Na hiki? Hussein akauliza.

— Hiki kinaitwa Siku Saba za Baiskeli. Mwandishi simjui, Gaspari alisema, na uwongo huo ulimpa kikohozi kikali kuliko cha Joshua. — Ni cha katuni. Kila ukurasa una vijumba sita, vitatu kushoto, vitatu kulia, na maneno yanatoka midomoni mwa watu kwenye maputo. Mimi kimenishinda. Nisikilizeni ukurasa wa nne.

Akaweka miwani. Akausoma kama alivyousoma jana, na kama alivyosoma kila karatasi tangu aajiriwe: safu ya kushoto kutoka juu mpaka chini, halafu safu ya kulia kutoka juu mpaka chini. Gazeti ndivyo linavyosomwa, na Gaspari alikuwa mtu wa gazeti.

— Kijumba cha kwanza, mama anaitoa baiskeli nje ya uwanja. Cha chini yake, mama yuko mtaroni, ameanguka. Cha chini yake tena, amefungwa kitambaa gotini. Umefika? Haya. Juu upande wa pili: mama ndiyo kwanza anapanda baiskeli. Goti zima!

— Subiri, subiri, Hussein alisema. — Kaanguka kabla hajapanda?

— Ndivyo.

— Kaanguka kutoka wapi sasa?

— Ndicho ninachouliza mimi!

Kijiwe kizima kikapanga foleni ya kusema.

— Mimi nimeshajua, Hussein alianza, akimimina kahawa bila kuangalia kikombe. — Ni wanawake wawili. Mapacha. Mmoja ana kitambaa gotini, mwingine hana. Wa kwanza kaanguka, mwenzake akasema lete nikuonyeshe. Mwandishi hajataka kutuambia, anatupima akili.

— Mapacha wavae khanga moja?

— Mapacha si ndiyo huvaa sare, Mhariri!

Kwa sekunde chache Gaspari alijiuliza kama Maria ana pacha.

— Lete hapa, Maalim akasema.

Maalim akakishika kitabu kama alivyovishika vitabu vyake vyote tangu akiwa mtoto chuoni, mgongo wa kitabu uko mkono wa kulia, akakifungua kutoka upande ambao sisi wengine tunauita nyuma. Akaanza ukurasa wa mwisho, akaja taratibu mpaka wa kwanza, midomo ikicheza. Hakuna aliyemkatiza, kwa adabu.

— Hiki kitabu ni kizito, alisema alipomaliza. — Nyinyi mnacheka bure. Mama huyu anaanza akiiendesha baiskeli vizuri kabisa, amepakia vitunguu magunia mawili, sokoni wanamshangilia. Kisha anaanza kuyumba. Kisha anaanguka. Kisha anaisukuma tu. Mwisho baiskeli imeegemezwa ukutani na mama anaitazama, hajui hata ipandwe vipi. Huyo ni nani?

— Nani?

— Sisi! Tulikuwa na viwanda, tulikuwa na mashirika, tunaendesha wenyewe. Sasa tumeegemeza ukutani, tunatazama. Mwandishi huyu ni mtu mzima, tena amesoma. Nashangaa wamemruhusu.

— Ruksa, Maalim, Hussein akasema. — Siku hizi kila kitu ruksa.

— Mimi namfahamu huyo mwandishi, Maalim aliendelea, kashapanda mori. — Lazima alikuwa meneja mkuu. Mzee wa suti, mwenye kisukari.

Gaspari alimfikiria Dina wake, miaka kumi na tisa, nywele za mkia wa mbuzi, akiwa meneja mkuu mwenye kisukari. Akainamia kikombe chake.

— Mnajisumbua na maneno, alisema Joshua. — Mwamba hausomwi kutoka pembeni. Unatafuta mahali palipovimba, unagonga hapo. Kitabu nacho ni hivyo. Picha kubwa iko wapi?

Akapekua mpaka katikati, kwenye kurasa mbili zilizounganishwa kuwa picha moja: barabara ya mteremko, baiskeli imelala, vitunguu vimetawanyika barabara nzima, na kila kitunguu kina vistari vidogo kuonyesha kinaruka.

— Haya. Hivi ni nini?

— Vitunguu, walisema wote.

— Vitunguu gani vinang'aa? Joshua akashusha sauti, akaangalia kushoto na kulia. — Hesabu vistari. Hiki vitano, hiki saba, hiki vitatu. Futi hizo! Na huu mteremko naujua, ni ule wa kushukia Sekenke. Mama kawekwa tu kitabuni ili watu wa madini wasishtuke. Hii ni ramani, jamani. Na mimi nilibakiza futi mbili!

— Ramani ya dhahabu wauze kwenye kitabu cha watoto?

— Ungeificha wapi wewe, gazetini?

Hapo ndipo jambo la ajabu lilipompata Gaspari. Alikuja akitaka wakiponde, nao walikuwa wanakiponda vizuri, kila mtu kwa nyundo yake. Lakini badala ya kufurahi akajikuta anawachukia wote watatu.

— Si ramani! alisema, sauti ikapanda. — Ni vitunguu. Vimechorwa vizuri tu, tazama mizizi yake! Mtu aliyechora mizizi hiyo amekaa chini akakitazama kitunguu saa nzima. Ungekijua wewe kitunguu, Joshua, usingesema hivyo.

— Mhariri, kulikoni? Si wewe uliyesema kimekushinda?

— Kimenishinda mimi. Sikusema ni cha kijinga.

— Kumbe una hisa humo, Hussein akatania.

Gaspari akafyonza kahawa iliyokwisha. Kwenye mfuko wa shati barua ilikuwa inakwaruza.

Ndipo akafika mama mmoja na tenga la kuku kichwani. Alilitua taratibu pembeni ya benchi, kuku wakalalamika, akajifuta jasho kwa ncha ya khanga.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, karibu. Unatoka wapi na ndege hao?

— Kiomboi. Naitwa Magdalena. Namsubiri mwenye hoteli aje kuwachukua, kaniambia nikae penye kahawa. Naomba na mimi kikombe, ndugu yangu, basi limenitingisha mpaka meno.

Hussein akamimina. Mama akanywa, akaguna kwa raha, akaona kitabu kimelala benchini kimefunguka.

— Naweza kutazama?

— Tazama, mama, alisema Maalim kwa upole wa mwalimu. — Ila usichoke. Kina siasa ndani.

— Kina mapacha, alisema Hussein.

Joshua hakusema kitu. Alikuwa hataki washirika wengi.

Magdalena akaanza ukurasa wa kwanza. Kidole chake kilikwenda kushoto, kikavuka kulia, kikashuka, kushoto tena, kulia tena. Ukurasa wa pili, hivyo hivyo. Ukurasa wa nne akasema "maskini", akajishika goti lake mwenyewe. Wa tisa akacheka peke yake. Kwenye ile picha ya katikati akapiga yowe dogo, "Vitunguu vya watu!" Na kadiri alivyozidi kwenda ndivyo wale wanne walivyozidi kumsogelea, mpaka benchi likawa limeelemea upande mmoja.

— Mama, Gaspari alishindwa kuvumilia. — Huo ukurasa wa nne umeusomaje?

— Si huu? Anaitoa baiskeli. Anapanda. Anaanguka. Binti yake anamuokota na vitunguu vyake. Anamfunga kitambaa. Wanarudi nyumbani, wanajifanya hakuna kilichotokea. Kuna nini cha kusoma?

— Umevuka huku?

— Nimevuka ndiyo. Namfuata mama, anakokwenda naenda. Mtu hawezi kuanguka kabla hajapanda, baba yangu.

Lo! Mngeziona nyuso zile. Hussein aliwazika mapacha wake kimyakimya, akashughulika na mkaa. Maalim alikigeuza kikombe mara mbili, akasema kwamba hata ukikisoma hivyo, siasa bado imo. Joshua alishikilia kwamba vistari ni futi.

Gaspari hakuwa na nafasi ya kuwacheka. Miaka yote alikuwa akishika kalamu nyekundu, na kosa lilikuwa lake. Kitabu kilikuwa kimenyooka, mwanzo mpaka mwisho, na usiku wa jana alikuwa amekaa kitandani akimsikitikia mwanawe kwa kukosa akili. Joto lilimpanda mpaka masikioni.

— Hebu endelea kutusomea, mama, alisema. — Tangu mwanzo. Polepole.

Magdalena akasoma. Siku ya kwanza, baba anatoka nyumbani asubuhi, shati limenyooshwa. Kazi imekwisha, lakini anatoka. Mama ana vitunguu shambani na hana wa kumbebea mpaka sokoni, na baiskeli imekaa tu ukutani. Baba akishapinda kona, mama anamwambia binti, "Shika nyuma, usiniachie." Binti anashika. Siku ya pili hivyo, na siku ya tatu hivyo, mama anaanguka kushoto, anaanguka kulia. Kila jioni baiskeli inafutwa vumbi na kurudishwa palepale ukutani kabla baba hajarudi. Siku ya nne binti ameshaachia zamani na mama anapiga kelele "umeshika?" na binti yuko mita hamsini nyuma anajibu "nimeshika!" Siku ya saba mama anapita katikati ya soko na magunia mawili.

Gaspari alisikiliza, na huku anasikiliza akili yake ilikuwa imekwenda nyumbani, kwenye ukuta wa jikoni. Baiskeli yake iko pale tangu kampuni ivunjwe. Hajaigusa. Sasa baiskeli isiyoguswa mwaka na nusu, mbona magurudumu yana upepo? Na Maria, mwezi ule wa kumi na mbili, alipochechemea wiki nzima, alisema goti liligongwa na kinu. Tangu lini kinu kikampiga mtu goti? Alijiona mjinga.

— Sikieni mwisho wake, Magdalena alisema. — Usiku wa siku ya saba, binti anauliza, "Mama, tumwambie baba?" Mama anajibu, "Atajua mwenyewe akituangalia."

Sentensi hiyo Gaspari aliisoma jana. Alivyoisoma yeye, ilikuja chini ya mteja anayeuliza kama vitunguu vimekauka, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: haihusiani.

Magdalena akakifunga kitabu. Akakifungua tena. Akarudi mwanzo, akaenda katikati, akaenda mwisho, kama mtu aliyeangusha sindano.

— Ila mimi kuna kitu kinanitatiza. Huyu baba, uso wake ukoje?

— Uso upi?

— Ndiyo nauliza. Mama ana uso. Binti ana uso. Mwenye mashine ya kusaga, mteja, mpaka yule mbuzi wa jirani ana uso wake na ndevu zake. Baba yumo kila siku, siku zote saba, lakini kila mahali ni mgongo. Asubuhi anatoka, mgongo. Jioni anaingia, anapitiliza chumbani, mgongo. Kwa nini?

Kitabu kikapita mkono kwa mkono tena. Wakatafuta kweli. Ni mgongo mzuri, lazima niseme, umechorwa kwa upendo, kila mkunjo wa shati uko mahali pake, hata ule mshono wa begani ulioshonwa upya. Ila ni mgongo.

— Wino uliisha, alisema Hussein.

— Uishe kwa baba tu?

— Ni heshima, alisema Maalim. — Baba hachorwi ovyo.

Lakini alisema bila nguvu. Joshua alifungua mdomo, akatazama mgongo ule, akatazama shati alilovaa jirani yake benchini, na mshono wa begani. Akafunga mdomo. Ndiyo mara ya kwanza Joshua Sekenke kuonekana akiacha kusema jambo alilolijua.

Gaspari aliona ametazamwa. Akakichukua kitabu, akaanza kukivua lile jalada la gazeti, taratibu, gundi ya ugali ikibanduka. Likatokea jalada lenyewe, lenye mama na baiskeli, na chini yake jina: Dina Gaspari.

— Ni mwanangu, alisema. — Na huyo ni mimi.

Magdalena akatua kikombe chini.

— Nisamehe, baba, Magdalena akasema. — Sikujua.

— Usiniombe radhi, mama. Hata mimi sikujua.

— Sasa mtoto mwenyewe mbona... Hussein alianza, akitaka kuuliza kwa nini binti amchore baba yake hivyo, kisha akaona bora asimalize. Wote walikuwa wanajua saa ambayo Gaspari hufika pale kila siku, na saa anayoondoka. Maalim akatazama chini. Yeye naye ana mabinti wanne.

Gaspari akatoa barua mfukoni, akaikunjua juu ya sinia la kashata. Upepo ukaitaka, Joshua akaishika pembe. Kalamu nyekundu ilikuwa ndiyo pekee, akaisaini kwa hiyo, sahihi ndefu ya ukarani yenye mkia, kwenye ule mstari wa nukta. Maalim akaisoma barua, safari hii kuanzia juu kushoto, akasema:

— Alhamdulillahi. Kumbe meneja mkuu wangu ni Dina.

— Na mwambie kitabu kinachofuata aweke urefu wa futi kwa namba, alisema Joshua. — Vistari vinachosha macho.

Wakacheka, na Gaspari akacheka nao. Macho yalikuwa yamemlowa na hakuyaficha. Akakunja barua, akakusanya vitabu, akasimama.

— Unakwenda wapi? Hussein akashangaa, birika mkononi. — Saa nne hii! Kahawa yako ya pili sijamimina.

— Nakwenda nyumbani.

— Nyumbani kuna nini saa hizi?

Gaspari alifikiri. Alitafuta jibu kwa uaminifu kabisa, kama karani anayetafuta faili, miaka yake yote ya ndoa mbele yake.

— Sijui, alisema. — Ndiyo naenda kuona.